Chupa Tano Zisizo na Jina

Nyinyi vijana mnaofunga vifungo vyote vya koti jeupe kabla hata ya kujua swichi ya feni iko wapi, karibuni mkae. Nimestaafu. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, lakini ulimi bado uko kazini. Mmeniomba niwaeleze namna ya kupanga kampaundi za oganiki bila kuchanganyikiwa. Mngeweza kuiuliza simu. Najua mmeshaiuliza, na najua imewajibu kwa Kiingereza kirefu kama barabara ya kwenda Wajir, ndiyo maana mko hapa mnakunywa chai yangu.

Mimi ni Maryan. Wasichana waliniita Eddo, yaani shangazi, tangu wiki yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya bweni ya wasichana hapa Garissa mpaka nilipokabidhi funguo. Shule yenyewe siitaji, kwa sababu nitasimulia makosa, na makosa yalikuwa yangu, si ya majengo.

Nilifika nikitoka kwetu Griftu, na cheti cha ufundi wa maabara ambacho naapa wino wake ulikuwa bado mbichi. Nilikuta kabati la kemikali limevurugika. Nikasema, hapa ndipo nitakapoonyesha kazi. Nikazipanga chupa zote kwa urefu, ndefu nyuma, fupi mbele, za rangi ya kahawia kulia, nyeupe kushoto. Nikarudi nyuma hatua tatu nikatazama. Masha'Allah, lilipendeza.

Mwalimu wa kemia aliitwa Musyoka, mtu wa Kitui, mfupi, mpole, asiyepaza sauti hata darasa likiungua. Alifungua kabati, akalitazama juu hadi chini, akafunga taratibu.

"Madam Maryan," akasema, "bibi harusi anaingia lini?"

"Bibi harusi yupi, Mwalimu?"

"Mwenye kabati hili la vyombo."

Kisha akalifungua tena, akatoa chupa moja ya asidi niliyoibananisha na chupa ya ethanoli kwa sababu zilikuwa za kimo kimoja. Akaniambia kwamba kemikali haziulizwi urefu, zinaulizwa tabia. Zinazofanana tabia zikae pamoja, na zinazogombana zisipewe chumba kimoja.

Basi nikajaribu tena. Alikuwa ameniambia kwamba oganiki ni kemia ya kaboni. Nikakusanya kila chenye kaboni nikakitia rafu moja: ethanoli, heksini, na pia mkebe wa mkaa, vipande vya marumaru, na magadi. Hapo ndipo nilipomsikia Musyoka akicheka kwa mara ya kwanza.

"Mkaa ni kaboni tupu," alisema. "Kampaundi ni ndoa, Madam. Mkaa ni kapera. Mrudishe kwao."

"Na marumaru na magadi je? Hayo si yana kaboni, yameoana na wengine?"

"Hayo, na ile hewa unayotoa puani, yana kaboni lakini tangu zamani wakemia wanayaweka upande wa pili. Usiniulize sana. Hata kwenu kuna watu wana damu yenu na hawaji kwenye mikutano yenu."

Nikaelewa. Kwa hiyo andikeni, wenye kuandika: kampaundi ya oganiki ina kaboni, karibu kila mara ikiwa imeshikana na hidrojeni, isipokuwa hao wachache waliojitenga. Na siyo ile oganiki ya sokoni, ya nyanya zisizopigwa dawa. Dawa zenyewe zinazopigwa nyanya, nyingi ni oganiki. Nikimwambia hivyo mama mboga wangu anasema nimezeeka.

Sasa, kaboni ina mikono minne. Hiyo ndiyo siri yake yote. Kila mkono lazima umshike mtu, hauning'inii. Nililielewa hilo vizuri siku nilipotumwa Hagadera kusaidia shule moja ya kambi ya wakimbizi iliyokuwa haina vifaa. Mwalimu wa pale alikuwa anafinyanga unga wa ngano uliokandwa, madonge makubwa ni kaboni, madogo ni hidrojeni, na anayaunganisha kwa miiba ya mgunga. Kaboni moja na hidrojeni nne: metheni. Kaboni mbili: etheni. Tatu: propeni. Nne: buteni, ile ya ndani ya mtungi wa gesi. Kila anayefuata anamzidi wa mbele yake kaboni moja na hidrojeni mbili, na tabia zao zinafanana, ila wanazidi kuwa wazito na kuchelewa kuchemka kadiri mnyororo unavyorefuka. Tulizianika nje zikauke. Mbuzi mmoja alikuja akala propeni yote pamoja na miiba yake, kwa sababu mbuzi wa huku mwiba kwao ni kachumbari. Akaangalia buteni, akatuangalia sisi, akaila pia. Mpaka leo sijaona mwanafunzi aliyemaliza mfululizo huo kwa kasi ile.

Hizo zinazoshikana mkono mmoja mmoja huitwa alkeni. Kaboni mbili zikishikana kwa mikono miwili ni alkini. Zikishikana kwa mitatu ni alkaini. Ndiyo, majina yanafanana. Mnalalamika? Mimi niliyezaliwa nikisema "bilibili" badala ya pilipili nimeyaweza, nyinyi mtashindwaje? Zote tatu ni hidrokaboni, maana ndani yake hamna mtu mwingine ila hidrojeni na kaboni. Alkeni imeshiba. Mikono yake yote imejaa, ukiiletea bromini haina haja nayo. Alkini na alkaini hazijashiba. Zina mkono wa ziada, zikiletewa bromini zinaichukua mara moja na rangi yake inapotea. Mwalimu Musyoka alisema ukitaka kujua mgeni ameshiba, usimuulize, mletee sahani. Nami nimethibitisha hilo harusini zaidi ya maabara.

Lakini sikuwakaribisha kwa ajili ya mbuzi. Nataka niwasimulie juma moja la muhula wa tatu, ili mkifanya kosa kama langu mjue la kufanya baadaye.

Kabla ya likizo ya Agosti niliamua kubadilisha lebo za chupa. Za zamani zilikuwa zimefifia. Gundi ya dukani ilikuwa imekauka ndani ya kopo kwa joto, ikawa jiwe. Nikakumbuka gundi ya mama yangu, ya unga wa ngano na maji moto, ile tuliyobandikia picha ukutani tukiwa watoto. Nikaikoroga, nikaandika lebo mpya kwa mwandiko wangu mzuri, nikazibandika, nikafunga kabati, nikaenda likizo nikijipongeza.

Niliporudi nilikuta mende wamekula likizo yao pale. Walikula gundi, na kwa kuwa gundi ilikuwa nyuma ya karatasi, wakala na karatasi. Chupa nyingi zilinusurika kwa kuwa jina lilikuwa limechorwa kwenye kioo na kiwanda. Lakini tano, zile ambazo tulikuwa tumejaza wenyewe kutoka madumu makubwa, zilikuwa uchi. Zote tano zilikuwa na kimiminika cheupe kama maji. Na mtihani wa vitendo wa kidato cha nne ulikuwa unakaribia.

Je, nilimwambia Musyoka siku ile? Nyinyi mngemwambia, najua, nyinyi ni malaika. Mimi nilinyamaza. Nikajiambia nitakumbuka. Daftari la stoo lilisema zilikuwa hekseni, heksini, ethanoli, methanoli, na asidi ya ethanoiki, hii ambayo ikipunguzwa kwa maji ndiyo siki. Nilichojua ni majina matano na chupa tano. Sikujua lipi ni la nani.

Asubuhi ya siku ya pili ya muhula, Matroni Rukia, anayetunza chumba cha wagonjwa, alikuja mbio. Msichana mmoja alikuwa amekanyaga mwiba, mguu umevimba, na spiriti ya kusafishia imeisha.

"Nipatie kidogo, Eddo, nitarudisha wakileta."

Nikaangalia zile chupa tano. Ethanoli, nilikumbuka, hukaa mwisho upande wa kulia. Nikafungua ile ya mwisho kulia, nikapepea harufu kwa mkono, na hapo nawaambia, msiwahi kutia pua kwenye mdomo wa chupa, pepea. Ilinukia spiriti. Nikamjazia kichupa. Akaenda.

Hata dakika tano hazikupita, Mwalimu Musyoka akaingia maabara akifuatana na mzee mmoja mrefu, kofia ya kufuma kichwani, ndevu nyekundu kwa hina, na daftari la shule limekunjwa mkononi kama hati ya mashtaka. Nyuma yao alikuja Hodan, msichana wa kidato cha nne, mwanafunzi wetu bora wa kemia, akitazama sakafu. Mzee huyo alikuwa baba yake, Mzee Bishar, mfugaji wa ngamia kutoka upande wa Balambala. Alikuwa amepanda lori la mifugo alfajiri. Sanduku la bati la Hodan lilikuwa tayari limewekwa langoni.

Mimi na yeye tungeweza kuongea Kisomali, lakini kwa heshima ya Mwalimu aliongea Kiswahili, na Kiswahili chake ni ndugu wa changu, kila p ni b.

"Mwalimu, mimi siko mtu ya kelele," alisema. "Lakini nimesikia hapa munabika bombe."

Akafungua daftari. Ukurasa ulikuwa na kichwa, kwa mwandiko safi wa Hodan: alkoholi. Chini yake: sukari, hamira, maji ya vuguvugu, funika siku tatu. Binamu yake aliyesoma kidogo alikuwa amemsomea kila neno wakati wa likizo.

"Hii ni mabishi," akasema Mzee Bishar. "Mimi nimeleta msichana asome. Nikitaka mabishi ya bombe, sikuhitaji kuuza ngamia."

Musyoka alikohoa. "Mzee, tunaeleza inavyotengenezwa. Hakuna anayekunywa."

"Iko hapa ama haiko hapa?"

"Ipo, lakini..."

"Nionyeshe."

Musyoka akanigeukia. "Madam, tafadhali mwonyeshe Mzee chupa ya ethanoli, aone kwamba ni kitu cha kazi."

Vijana wangu, mnawakumbuka wale mende. Chupa tano zilikuwa mezani nyuma yangu, uchi kama zilivyozaliwa. Nilifikiria kuokota moja yoyote. Nani angejua? Mzee alikuwa ananitazama, Musyoka ananitazama, na Hodan, ambaye alikuwa amebakisha wiki chache tu amalize shule, aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini?" Musyoka akauliza.

"Sijui ni ipi." Nikaeleza yote: gundi ya unga, mende, kunyamaza kwangu. Mzee Bishar akavuta kiti akakaa bila kuambiwa, kama mtu aliyekuja kwenye kesi akakuta mshtakiwa ameanza kukiri mwenyewe.

"Walaal," akaniambia, na walaal kwetu ni ndugu, "wewe ndiye mwenye kabati?"

"Ndimi."

"Na hujui kitu iko ndani?"

"Kwa leo, sijui."

Musyoka alivua miwani akaifuta, jambo alilofanya alipokuwa na hasira. Kisha akamwita Hodan. "Umesikia. Chupa tano. Mfundishe baba yako tunachofanya hapa, na umsaidie Madam. Anza."

Hodan alinitazama, nikamsogezea testi tyubu. Akazipanga tano kwa mstari, moja kwa kila chupa.

Alianza kwa maji. Akatia maji kidogo kwenye tyubu tano, akaongeza matone ya kila chupa, akatikisa. Tatu zilichanganyika na maji zikapotea. Mbili zilikataa, zikaelea juu kama mafuta kwenye mchuzi.

"Hizi mbili ni hidrokaboni, Aabo," alimwambia baba yake. "Ni jamaa ya petroli na mafuta ya taa."

"Bombe iko hapo?"

"Hapana. Hizi zina kaboni na hidrojeni tu."

Akazitia maji ya bromini, yenye rangi kama ya chai ya rangi. Katika moja rangi ilipotea palepale. Katika nyingine haikupotea.

"Hii iliyomeza rangi haijashiba, ni alkini, basi ni heksini. Hii iliyokataa imeshiba, ni alkeni, ni hekseni."

Mzee Bishar alisogeza kiti karibu. Mtu aliyeishi kwa kutambua mnyama wake kati ya mamia hawezi kukaa mbali na kazi kama hiyo.

Zikabaki tatu zilizopenda maji. Hodan akaongeza chembe za magadi kwenye kila moja. Moja ikatoa povu, ikachemka kama soda. Hiyo ndiyo asidi, akasema, na kundi lake ni la kaboni lenye oksijeni mbili na hidrojeni moja. Asidi zote za oganiki wanazosoma zina kundi hilo. Zikabaki mbili, tulivu, zenye harufu moja. Akazipasha na dikromati iliyotiwa asidi, ya rangi ya machungwa. Zote mbili zikageuka kijani.

"Hizi mbili ni alkoholi, Aabo."

Mzee akasimama. "Mbili!"

"Alkoholi si jina la kinywaji. Ni jina la familia nzima. Kila mwenye oksijeni moja na hidrojeni moja, zimeshikana pamoja, zikaning'inia kwenye mnyororo wa kaboni, ni wa familia hiyo. Sehemu hiyo inaitwa kundi tendaji, ndiyo inayompa tabia yake. Inayolevya ni ethanoli peke yake katika hizi. Nyingine ni methanoli, hiyo mtu akiinywa anakuwa kipofu au anakufa."

"Na ziko nyingi familia hiyo?"

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. "Mzee, ile glisirini unayopaka kwenye visigino ni ya familia hiyohiyo."

Mzee Bishar aliangalia miguu yake. Visigino viling'aa. Akakaa tena, akairudisha miguu chini ya kiti.

"Hodan," Musyoka akasema, "umejua familia. Umejua jina? Ipi ni ethanoli, ipi ni methanoli?"

Hapa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mtakapoanguka. Ukiweka kitu kwenye kundi lake, umejua nusu. Ndugu wawili wa familia moja wanajibu maswali sawasawa: wote wanachanganyika na maji, wote wanageuza dikromati, wote wanawaka kwa moto wa bluu. Kalamu yangu ilikuwa tayari mkononi. Ningeandika ethanoli kwenye ile ya kulia, kwa kumbukumbu yangu.

Hodan alifikiri. "Sijui, Mwalimu," akasema. "Lakini najua mdogo wao anachemka mapema."

Musyoka akavaa miwani yake tena.

Tulifungua madirisha yote. Hatukuweka moto chini ya alkoholi, mtu asiniharibie jina. Tulichemsha maji kwa birika la umeme, tukayamimina kwenye bika, ile glasi pana ya maabara, tukasimamisha ndani yake tyubu yenye kimiminika kutoka chupa ya kulia, na vipande vidogo vya kigae ili isirukeruke. Hodan akaning'iniza kipimajoto juu ya kimiminika, kwenye mvuke. Ethanoli, yenye kaboni mbili, huchemka karibu na nyuzi sabini na nane. Methanoli, yenye kaboni moja, karibu na sitini na tano.

Zebaki ilipanda. Arobaini. Hamsini na tano. Sitini na tano. Ikasimama. Kimiminika kilikuwa kinatokota na zebaki haisogei.

"Methanoli," Hodan akasema.

Na ile ndiyo chupa niliyommiminia Matroni.

"Nimempa Rukia," nikasema. "Kwa mguu wa mtoto."

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka nikikimbia uwanjani viatu mkononi, mchanga moto, shungi limeanguka mabegani, na darasa zima la kidato cha kwanza limejaa dirishani. Nilipofika chumba cha wagonjwa, msichana alikuwa amekaa, mguu juu ya kigoda, na Matroni ameinama na pamba iliyolowa, nusu shubiri kutoka kwenye jeraha. Alikuwa amechelewa kwa kuwa mwiba ulikuwa umevunjikia ndani, na ilimbidi autoe kwanza huku akimbembeleza mtoto aliyekuwa akilia.

"Weka chini hiyo pamba!"

Akaiangusha. Nikaichukua, nikachukua kichupa, nikamwomba anawe mikono kwa maji mengi, kisha nikakaa sakafuni na kulia kama ndimi niliyekanyaga mwiba.

Mwalimu alinieleza baadaye kwamba pamba moja pengine isingemdhuru mtoto sana, ingawa methanoli hupenya hata ngozi na si ya kuwekwa kwenye kidonda. Lakini kichupa kile kingebaki kwenye kabati la dawa kwa jina la spiriti. Nani angekishika wiki iliyofuata, na kwa kazi gani, hapo sijui, na sikutaka kujua.

Nilirudi maabara nikiwa na mchanga miguuni. Nilitegemea kukuta Mzee Bishar ameshaenda na binti yake. Alikuwa bado amekaa. Hodan alikuwa anapima chupa ya tano, kipimajoto kimesimama kwenye sabini na nane, na baba yake ndiye aliyekuwa anasoma namba.

"Mtoto?" akaniuliza.

"Yuko salama. Haikumgusa."

"Alhamdulillahi." Kisha akaniambia kwa Kisomali, polepole, nami nawapa kwa Kiswahili: "Nimeajiri wachungaji wengi. Anayeniambia hajawahi kupoteza ngamia, simpi hata mbuzi. Ninayempa ni yule anayekuja kuniambia amepoteza, tena anakuja mbio."

Akamgeukia Musyoka. "Hiyo sanduku, mtu airudishe ndani."

Akamrudishia Hodan daftari lake. Langoni, nasikia, alimwambia askari kwamba ile maabara ina mama mmoja mzuri sana, hajui kitu. Askari akalieneza neno hilo. Kuanzia juma lile wasichana waliniita Eddo Sijui, na nimeitwa hivyo mpaka nikastaafu. Mkilisikia mjini msidhani ni tusi. Ni cheo.

Musyoka hakunihurumia. Alinipa daftari la ajali za maabara nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mwalimu mkuu akanipa barua ya onyo. Nilistahili. Nikaenda dukani nikanunua gundi inayostahili, na juu ya kila lebo nikapitisha utepe wa plastiki, na chini ya kila chupa nikaandika jina mara ya pili kwa rangi isiyofutika. Fanyeni hivyo. Na mkisahau kila nililosema, jueni hili moja: chupa isiyo na jina ni chupa ya sumu mpaka ithibitike vingine.

Hodan alifanya mtihani wake. Siku ya kufunga, Mzee Bishar alikuja kumchukua, safari hii na jerikeni la suusac, maziwa chachu ya ngamia yaliyofukizwa moshi, kwa ajili ya walimu. Tukakaa chini ya veranda ya maabara, sisi wanne. Musyoka alionja, na uso wake wa Kitui ukajikunja.

"Asidi hii ni kali," alisema, akijaribu kutabasamu.

"Ni laktiki, Mwalimu," Hodan akajibu haraka, halafu akaziba mdomo.

Mimi na Musyoka tukatazamana. Tulijua kilichomnyamazisha. Asidi ya laktiki ina kundi la asidi, sawa, lakini kwenye mnyororo huohuo lipo na lile jingine, oksijeni moja na hidrojeni moja. Musyoka akaanza kuangalia mawingu, ambayo hayakuwepo.

"Sema," Mzee Bishar akamwambia binti yake. "Mimi si nimelipa usome? Kuna nini kwa maziwa yangu?"

"Aabo, asidi ya maziwa haya... ina makundi mawili. La asidi, na lile la alkoholi."

Mzee aliweka kikombe chini. Nilishaanza kupima kwa macho umbali wa kutoka veranda hadi langoni.

"Ngamia akikutwa na chaba mbili kwenye ngozi," akasema mwishowe, "kuna kesi. Lazima wazee wakae waseme ni ya nani." Akamtazama Hodan. "Hii kesi iliamuliwa namna gani?"

"Asidi ndiyo ilishinda, Aabo. Jina na ukoo vinafuata asidi. Na maziwa hayalevyi."

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Bishar, akajimiminia kikombe cha pili.